Mtoto Mpole Mno



Mtoto mchanga asiyesumbua usiku husifiwa na kila anayekuja kumwona mzazi. Bibi hucheka na kusema, "Huyu katulia kama babu yake." Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini yuko mtoto anayelala mno hata aamshwe ndipo anyonye, analia kwa sauti nzito ya kukwaruza, hapati choo vizuri, na umanjano wa macho umezidi wiki mbili. Pengine ulimi ni mkubwa, kitovu kimetokeza, ngozi ni kavu na baridi. Huyo apelekwe kituo cha afya upesi.

Yawezekana tezi yake ya shingo haifanyi kazi. Tezi hiyo hutengeneza homoni za kukuza mwili na ubongo. Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na upungufu huu. Siku za kwanza huonekana mzima, kwa kuwa homoni za mama zilimsaidia tumboni. Hakurogwa, wala mama hakukosea.

Ubongo haungoji. Akianza dawa katika wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua, husoma na kujitegemea kama wenzake, ingawa wengine hupata ugumu kidogo wa kukumbuka au kutulia darasani. Akicheleweshwa miezi mingi, huchelewa kukaa, kutembea na kusema, na huwa mfupi. Dawa ya baadaye itamchangamsha na kumrefusha, lakini akili iliyokwisha kupotea hairudi yote.

Nchi nyingi zilianza miaka ya 1970 kupima tone la damu ya kisigino cha kila mtoto mchanga. Hapa kwetu kipimo hicho si cha kawaida. Kwa hiyo jicho la mama ndilo kipimo cha kwanza. Mama wa Vudee, Chome au Mamba, usingoje siku ya kliniki. Shuka na mtoto, umwambie mganga wazi: "Naomba apimwe homoni ya tezi." Kipimo kisipopatikana Same, omba rufaa ya KCMC, Moshi.

Dawa yenyewe ni kidonge cha levothairoksini, kila siku. Kisage, ukichanganye na maji kidogo au maziwa yako kwenye kijiko, umnyweshe. Usimpe wakati mmoja na dawa ya kuongeza damu. Baba, weka akiba ya nauli na dawa kabla kidonge cha mwisho hakijaisha. Wengi huacha dawa mtoto akichangamka. Kumbe amechangamka kwa sababu ya dawa! Tuombe, na kidonge tumpe.

Kwa wajawazito, liko jambo jingine. Milimani mvua huosha madini joto kutoka kwenye udongo, na mama akiyakosa, ubongo wa mtoto huumia tumboni. Rovu shingoni ni dalili mojawapo. Nunueni chumvi yenye madini joto, itunzeni kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na muitie mboga inapokaribia kuiva. Chumvi hiyo haimponyi mtoto aliyezaliwa bila tezi. Huyo anahitaji kidonge chake.

Wiki hii, mkienda kumwona mzazi, msimsifu tu mtoto kwa upole. Ulizeni ananyonya mara ngapi.