Usaili wa wahandisi wa kompyuta: Je, mizani ni ya haki?

WAZAZI wengi katika miji yetu leo wanaye nyumbani kijana aliyesomea sayansi ya kompyuta. Ada imelipwa kwa miaka mitatu au minne, shahada imepatikana, na sasa wanamwona akijifungia chumbani usiku, akizungumza Kiingereza na watu walio upande wa pili wa dunia. Baada ya majuma kadhaa huleta jibu fupi: hakuchaguliwa. Akiulizwa sababu hana la kueleza, kwa kuwa naye hakuelezwa.

Ndugu msomaji, kabla hatujamtuhumu kijana huyo kwa uzembe, ni wajibu wetu kuufahamu mtihani anaopewa. Je, unapima kweli uwezo wa kazi?

Usaili wa wahandisi wa programu haufanani na ule tuliouzoea, ambapo mtu hubeba vyeti vyake katika bahasha na kujibu maswali ya jopo kwa nusu saa. Katika kampuni kubwa za Marekani, mwombaji huanza kwa kuzungumza na ofisa wa ajira. Kisha hupewa jaribio la kuandika programu kwa muda uliopimwa. Akivuka hapo hukabiliwa na vikao vinne au vitano, kila kimoja cha takriban dakika 45, ambamo hutakiwa kufumbua fumbo huku msaili akimtazama, na huku akieleza kwa sauti kila anachokifikiri. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa kuna mzigo wa ziada, kwani saa nne asubuhi ya San Francisco ni saa mbili au saa tatu usiku kwetu. Wenzake hujibu wakiwa na nguvu za asubuhi. Yeye hujibu baada ya kutwa nzima, akiomba umeme usikatike.

Mafumbo hayo sicho kitu atakachokwenda kukifanya akiajiriwa. Mhandisi aliye kazini husoma, huuliza wenzake, hujaribu, hukosea na kurekebisha. Mwaka 2015 Max Howell, mtunzi wa Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi duniani, alieleza hadharani kuwa Google ilimkataa kwa kushindwa fumbo la ubaoni, ilhali wahandisi wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakiitumia kazi yake. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba nadharia za sayansi ya kompyuta si eneo lake la nguvu. Hata hivyo swali linabaki: kati ya fumbo la dakika 45 na kazi ya miaka, upi ni ushahidi bora?

Miaka miwili kabla ya hapo, Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kuwa vitendawili vya usaili, kama kile cha kukisia idadi ya mipira ya gofu inayoweza kujaa ndani ya ndege, havikutabiri lolote kuhusu utendaji wa mtu. Vitendawili vya aina hiyo viliachwa, lakini mafumbo ya programu yakabaki.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na kampuni ya Microsoft waliwapa fumbo wanafunzi 48 wa kompyuta. Nusu yao walilifanya ubaoni mbele ya msaili, na nusu wakalifanya peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kiasi cha nusu ya wenzao. Miongoni mwa wanawake, hakuna aliyefaulu mbele ya msaili, na wote waliokuwa peke yao walifaulu. Idadi yao ilikuwa ndogo, lakini funzo ni zito: huenda kinachopimwa ni ustahimilivu wa macho ya watu, wala si elimu.

Kwa upande mwingine, foleni imerefuka. Kampuni ya Meta iliachisha kazi watu 11,000 Novemba 2022, na Google ikatangaza kuwapunguza 12,000 Januari 2023. Kijana anayeanza anashindania nafasi moja na watu wenye uzoefu wa miaka kumi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Tangu akili bandia ienee, wapo wanaoificha kwenye kioo cha kompyuta ili iwanong'oneze majibu wakati wa usaili. Mwaka 2025 Google ilieleza kuwa inarejesha angalau kikao kimoja cha ana kwa ana. Atakayeumia kwa hatua za namna hiyo ni mwombaji mwaminifu wa mbali, asiye na nauli wala viza.

Katika Surat Al-Qasas tunasimuliwa jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyofika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu, akawanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakisubiri zamu. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakuzitambua sifa hizo kwa kumpa kitendawili. Walikuwa wamemwona akifanya kazi.

Kampuni za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinazoiga utaratibu wa Marekani zina la kujifunza hapo. Zimpe mwombaji kazi ndogo inayofanana na kazi yenyewe, zimlipe ikiwa ni ya siku kadhaa, na zimjibu hata anapokataliwa. Kumwacha mtu akingoja miezi bila neno ni dhuluma.

Kwa vijana, mafumbo haya hujifunzwa kwa mazoezi, hivyo fanyeni mazoezi mbele ya mtu anayewatazama, kwa sauti. Jihadharini pia na matapeli. Mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji fedha, na tangu 2023 wataalamu wa usalama wameonya juu ya usaili wa uongo, ambamo faili la jaribio hubeba programu ya wizi.

Nanyi wazazi, mpeni mwanenu utulivu saa ya usaili, na asiposhinda msimlinganishe na binamu yake aliyeko benki. Kukataliwa huko hakukupima elimu yake yote, seuze utu wake. Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali.