Ujira wa Kuitafuta Hitilafu

Katika magari mengi ya miaka iliyopita, yakiwamo baadhi ya yale yanayokwenda na kurudi kila siku baina ya Nyegezi na katikati ya jiji la Mwanza, kuna kitaa chekundu chenye picha ya betri ambacho watu hudhani kazi yake ni kumwarifu dereva tu, ilhali umeme mchache unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha umeme wake yenyewe. Na kitaa hicho kikiungua, altaneta isiyo na ila yoyote huweza kukaa kimya, betri ikafa, na mwenye gari akaambiwa kwamba hana budi kununua altaneta nyingine. Gari likiwa ni Toyota ya kawaida, ataipata ya mtumba siku hiyo hiyo. Likiwa la aina adimu, ataagiza Kariakoo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, au ataagiza Dubai, na gari litalala gereji majuma mawili matatu. Kisha altaneta ngeni itafungwa, nayo itakaa kimya vile vile.

Naamini kwamba sehemu kubwa ya uhaba wa vipuri tunaoulalamikia hapa Nyamagana, jijini Mwanza, si uhaba wa vipuri. Tulichopungukiwa ni upelelezi wa hitilafu, na upungufu huo tumeuleta wenyewe, sisi wenye magari, kwa namna tunavyolipa.

Nilimtazama fundi rewaya mmoja akiwa kazini chini ya mti, upande wa Mkuyuni. Gari lililoletwa kwake lilikuwa likitoa sauti ya "ta" kila ufunguo ulipozungushwa, na mwenyewe alikwishaambiwa kwingine kwamba stata imekufa na kwamba ya gari lile haipatikani Mwanza. Fundi hakuigusa stata. Alitia ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, ncha ya pili akaibana kwenye bodi ya injini, akaagiza ufunguo uzungushwe. Mita iliyopasa kusoma chini ya nusu volti ilisoma volti tatu na ushei. Yaani takriban robo ya nguvu ya betri ilikuwa ikipotea katika waya wa ethi, ule mkia mnene unaoirudisha njia ya umeme kutoka injini hadi betri. Akafungua bolti, akasugua kwa msasa kutu na rangi ya zamani hata chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza. Mwenye gari, ambaye asubuhi ile alikuwa tayari kulipa bei ya stata nzima pamoja na nauli ya kuisafirisha kwa basi, sasa akaanza kuvutana kwa ajili ya shilingi elfu chache: "Fundi, kukwangua kutu tu?" Fundi akamjibu pasipo hasira, "Bosi wangu, kutu hiyo unaiona sasa kwa sababu nimekuonyesha."

Mtu yule hakuwa bahili kuliko sisi wengine. Tumezoea kulipa kitu tunachoweza kukishika, na maarifa yaliyokipata kitu hicho tunayahesabu kuwa ni nyongeza ya bure. Sasa na tumfikirie fundi, aliye na kodi ya chumba na watoto wa shule: akiitafuta hitilafu kwa saa tatu na kuikuta ni bolti yenye kutu, atapewa fedha ya chai; akitangaza bila kupima kwamba kifaa kizima kimekufa, atalipwa kukifungua na kukifunga, na yamkini duka nalo likamkumbuka. Madhali mambo ni hayo, ajabu ni kwamba bado wako mafundi wanaopima.

Wazee wa kazi hii wanaikumbuka dhiki ya vipuri iliyokuwa dhiki kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata, navyo viliufikia hata mji wetu mwezi Machi 1979, ndege ya Libya, iliyokuwa ikiisaidia Uganda, ilipokuja kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha na kuwaua swala wa kisiwa cha Saanane, viumbe wasio na ugomvi na mtu. Na baada ya vita fedha za kigeni zikaadimika hata mwenye pesa mkononi akawa hana duka la kuzipeleka, mpaka masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Katika miaka hiyo kumwambia mtu "nunua nyingine" kulikuwa ni mzaha. Fundi aliisuka upya mota ya stata akihesabu mizunguko ya waya wa shaba aliyoikuta na kuifuata ile ile; kaboni zilizokwisha katika dainamo alizichongea nyingine kutoka mashine mbovu, akizisugua hata ziteleze katika nyumba zake bila kukwama wala kucheza, kisha akailehemu mikia yake ya waya. Altaneta nyingi zinazotupwa leo hazina ugonjwa ila kaboni iliyosalia milimita chache, au beringi inayolia, au daiodi moja iliyoungua. Na mji ulio na Makoroboi, ambako makopo matupu yalikatwa yakawa taa za mafuta, hauhitaji kufundishwa kwamba kilichotupwa bado kina kazi. Walakini hata hapo pana elimu yake: kaboni ngumu kupita kiasi, iliyotolewa katika drili, itaitafuna ringi ya shaba, na altaneta iliyopona kwa mwezi mmoja itakuwa imeharibika kwa daima.

Si kila kitu chaweza kutengenezwa, na gari la leo lenye kompyuta na sensa kila pembe lina vifaa ambavyo vikifa vimekufa. Tena iko kazi moja ya dhiki ambayo siikubali hata kidogo. Fyuzi nyekundu ya ampia 10 ikikatika mara ya pili, kuna watu wataijaza nafasi yake kwa uzi wa waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na gari litaondoka. Lakini kuanzia hapo waya mwembamba uliopita chini ya zulia na sponji za viti ndio uliogeuka kuwa fyuzi, na ukikatika utakatika kwa moto, abiria wakiwa wamekaa juu yake. Fyuzi ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa garini, na siku hizi haiadimiki.

Serikali inayo sehemu yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa mwaka 1994, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na SIDO imekuwa ikivilea viwanda vidogo tangu mwaka 1973; kwa pamoja wangeweza kututolea michoro ya nyaya za magari yaliyoenea hapa kwa Kiswahili, kwa kuwa fundi aliyejifunza chini ya mti mara nyingi hukutana na mchoro wa Kiingereza au wa Kijapani, akauacha na kubahatisha.

Ila la ujira halina haja ya kungojea serikali. Kabla boneti haijafunguliwa, fundi na mwenye gari wapatane bei ya kuitafuta hitilafu, mbali na bei ya kuitengeneza, nayo ilipwe yote hata kama ugonjwa ni kitaa kilichoungua au bolti yenye kutu; na kifaa chochote kitakachotolewa kirudishwe mkononi mwa mwenye gari pamoja na maelezo ya kilichokiua. Wenye daladala ndio wangefaa kuanza, kwani gari lao likilala siku moja hasara yake huonekana jioni hiyo hiyo, dereva anapokuja bila hesabu.