Taji ni kama jiwe la almasi: kwanza tuulize nani alilisha kikundi

Siku ya kwanza ya miss mupya hapa kwetu Simi-Simi haifanane na ile watu wanaona katika televisheni. Jumapili moja asubuhi tulipita kwa jirani kumpongeza binti yake, aliyevalishwa taji usiku wa jumamosi katika sala moja ya mjini. Tulimkuta uani, kandambili mguuni, ndoo mbili za maji pembeni. Meshi za kuazima zilikuwa bado kichwani, maana mwenye kusuka alikuwa anakuja kuzitoa saa nne. Taji lenyewe liliwekwa katika sashe nyeusi juu ya kabati, mbali na watoto. Papa yake hakuwepo. Yeye ni mchimbaji, yuko msituni upande wa Bafwasende, na habari aliipata kwa simu ya mtu mwingine, kwa mtandao unaokatika-katika. Mama alituambia kwamba swali lake la kwanza lilikuwa: "Manguo ile yote, nani alilipa?"

Watu waliokuwa pale walicheka. Sisi hatukucheka. Mtu aliyeshuka katika shimo miaka na miaka anajua uzito wa swali hilo.

Ninyi mnaotusoma mkiwa Banalia, Bafwasende, Opienge ao Ubundu mnajua namna kazi inavyokwenda. Kikundi hakina chakula, hakina mpiko, hakina mashine ya kuvuta maji. Anakuja PDG, analisha kikundi mwezi mmoja, miwili, mitatu. Siku jiwe linatoka, yeye ndiye wa kwanza kulishika. Anatoa kwanza deni lake la mchele na mafuta, halafu mnagawana, na mara nyingi yeye ndiye anayenunua hata sehemu yenu, kwa bei anayotaja yeye mwenyewe. Jiwe lilitoka kwa jasho lenu, lakini lilikuwa na mwenyewe hata kabla ya kuonekana. Baada yake kuna négociant, kuna comptoir, kuna watu wa Antwerp na Dubai ambao hatutawaona kamwe.

Tunasema kwamba taji la miss, namna linavyotolewa katika miji yetu mingi, linapita katika njia hiyo hiyo. Si kwa sababu waandaaji wote ni wezi, hapana. Ni kwa sababu msichana anaingia mikono mitupu katika kazi inayotaka makuta mengi mbele, na kila mwenye kutoa makuta anajihesabia sehemu yake.

Tuhesabu kidogo. Viatu virefu. Rob ya jioni. Kikwembe kizuri cha kupita nacho siku ya utamaduni (ingefaa kiwe cha Sotexki, kiwanda chetu wenyewe, lakini washonaji wanaleta cha nje). Meshi, vipodozi, kucha. Chakula cha wiki za mazoezi, maana mazoezi yanaanza saa ile ya kupika nyumbani. Na pikipiki ya kurudi usiku kutoka mjini mpaka Simi-Simi. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau, lakini wamama hawaisahau: saa tano ya usiku, binti wa miaka 19 juu ya moto ya mtu asiyemjua, na njia ina giza. Basi anatokea "mutu wa muzuri" mwenye gari, anasema, "Leki, mi nitakufikisha." Deni la kwanza linaanzia pale, na hakuna aliyeliandika popote.

Halafu akishinda mkoa, fainali ni Kinshasa. Kwa mto ni kilometa karibu 1.700, na mashua inaweza kuchukua wiki nyingi. Kwa hiyo ni ndege ya Bangoka. Familia ya mchimbaji haina tikiti ya kwenda, na ya kurudi ndiyo kabisa. Tunapenda wazazi wakae juu ya neno hilo: ya kurudi. Mwenye kushika tikiti ya kurudi mkononi ndiye anayeamua binti atalala wapi, atakula na nani, atarudi siku gani.

Tusije tukaeleweka vibaya. Taji linaweza kuwa kitu cha kweli. Wakati nchi ingali Zaïre, mwaka 1985, Benita Mureka Tete alisimama Miami katika Miss Universe na akafika nafasi ya tatu duniani, nyuma ya Puerto Rico na Uhispania. Wazee wetu wangali wanasimulia. Mwisho wa desemba 2018, Mkongomani mwingine, Dorcas Kasinde, alichukua taji la Miss Africa kule Calabar, Nigeria. Wengi wanamkumbuka kwa ajili ya ule moto: alipokuwa anashangilia, cheche za fataki zilishika nywele zake na mtu mmoja akakimbia kuzima. Hakuumia. Video ilizunguka dunia nzima, watu wakacheka. Lakini zawadi ilikuwa dola 35.000 pamoja na gari, na kitu hicho wachache wanakitaja. Tuliona hapo namna miss anavyoishi: kazi yake yote inaweza kufunikwa na sekunde kumi za video ambazo si yeye aliyezichagua.

Mwezi ule ule, Quiin Abenakyo wa Uganda alirudi kutoka Sanya, China, akiwa Miss World Africa. Rais Museveni alimpokea, akampongeza, kisha akaandika kwamba kitu kimoja tu kilimsumbua: binti alivaa nywele za Kihindi, na alimshauri abaki na zake za Kiafrika. Tuwaze kidogo. Umetoka kushinda bara zima, na mkuu wa nchi anazungumza meshi! Kama rais anajiona ana haki ya kusema juu ya kichwa chako, jirani atasema nini, pasta atasema nini, mjomba aliyekuwa hakusalimii atasema nini? Pale kwa jirani yetu, kabla ya saa sita mchana, tulisikia mtu akisema binti amenenepa, mwingine akisema amekonda, na wa tatu akisema mahari imepanda. Mama alimjibu huyo wa tatu vizuri: "Ye si mbuzi, papa."

Sasa tuje kwenye mambo mazito. Tunajua kwamba jina la Kigali halipendezi masikio ya watu wa Kisangani. Sisi tuliolala chini ya vitanda siku sita, juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, hatuna haja ya kukumbushwa. Lakini kesi iliyo wazi zaidi katika eneo letu ilitokea kule, na ni vema kujifunza hata kwa nyumba ambayo hatuipendi. Miss Rwanda lilikuwa shindano kubwa, lenye gari kwa mshindi, lenye wadhamini, lenye baraka ya serikali. Aprili 2022, mkuu wa kampuni iliyokuwa inalitayarisha alikamatwa, akishitakiwa kuwasumbua washindani kwa mambo ya ngono. Mei 2022 serikali ikasimamisha shindano. Desemba 2022 mahakama ilimwachilia. Upande wa mashitaka ukakata rufaa, na oktoba 2023 Mahakama Kuu ikamhukumu miaka 5 ya kifungo.

Kesi hiyo ya Rwanda inatuonyesha kwamba gari jipya na serikali kukaa mstari wa mbele havimkingi msichana. Watu wanasema, "Pale kuko waziri, hakuna shida." Shida inaweza kukaa pale pale, nyuma ya kiti cha waziri. Na tuone pia muda: tangu kukamatwa mpaka hukumu ya mwisho ni mwaka mmoja na nusu, mahakama mbili, majibu mawili tofauti. Msichana anayesema neno lake mbele ya watu anabeba muda huo wote mgongoni.

Tanzania ni kesi ya namna nyingine. Mshindi wa 2014 aliacha taji mwezi mmoja hivi baada ya kulipata, kwa sababu ya kelele juu ya umri wake na vyeti vyake, na baraza la sanaa, BASATA, likafungia shindano miaka miwili. Karatasi, tena karatasi. Huku kwetu cheti cha kuzaliwa kinatafutwa siku ya kusafiri, na miaka inaandikwa namna inavyohitajika. Kwa mtoto wa shule unaweza kusamehewa. Kwa mtu ambaye magazeti yanamtafuta, uongo wa mwaka mmoja unatosha kumwangusha.

Lakini Tanzania hiyo hiyo ina Nancy Sumari. Alichukua taji 2005, akawa Miss World Africa mwaka ule. Mwaka wake ukaisha, yeye hakuisha. Aliandika kitabu cha watoto, Nyota Yako, na akaanzisha Jenga Hub, pahali watoto wanajifunza kompyuta. Sisi tunaona tofauti haikuwa katika uso, maana nyuso nzuri hazikosekani. Jina lake alilitumia kwa kazi yake mwenyewe.

Kwa nini tunawaandikia wachimbaji habari hizi? Kwanza kwa sababu mabinti wanaopanda jukwaani katika Tshopo, wengi ni wa kwenu. Papa yuko msituni miezi mitano, mama anauza pondu sokoni, shule imesimama kwa deni la minerval, na mtoto ana urefu na sura. Anayeona mlango umefunguka kidogo hawezi kulaumiwa kwa kuingia. Pili, tuseme wazi hata kama itauma: katika wanaume wanaofika nyuma ya jukwaa na bahasha, wamo ma-négociant na ma-PDG waliotoka kuuza juzi. Tumewaona. Mtu anauza jiwe ijumaa, jumamosi anataka kuonekana na miss, jumatatu hana hata ya kununua mpiko. Huyo naye anaitwa "sponsor".

Sheria iko. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 julai 2006 juu ya jeuri za ngono inaadhibu pia kumsumbua mtu kingono kwa kutumia madaraka ao cheo, na kifungo chake kinaanzia mwaka 1 mpaka 12. Sheria ya 10 januari 2009 ya kulinda mtoto inasema wazi kwamba mtu ambaye hajafika miaka 18 ni mtoto, hata akiwa mrefu kushinda mama yake. Kwa hiyo, binti wa miaka 17 hawezi kufunga mkataba peke yake, na karatasi aliyotia sahihi bila mzazi haina nguvu. Waandaaji wanajua, ila wanategemea kwamba nyumbani hakuna anayejua.

Katika almasi, dunia ilifika kuona aibu. Tangu 2003 jiwe likitoka Kongo kwa njia ya halali linapitia CEEC, linapimwa, linapewa karatasi ya Kimberley inayosema limetoka nchi gani. Karatasi hiyo ina matundu, ninyi mnayajua kutushinda, lakini iko. Kwa msichana anayetoka Bangoka na begi moja, nani anaandika anakwenda kwa nani na atarudi lini? Mkoa hauandiki. Wizara haiandiki. Basi familia iandike. Daftari la shule linatosha: nani alitoa nini, zawadi ao deni, mbele ya nani. Na ndugu mmoja mkubwa, dada ao shangazi, asafiri naye. Mwandaaji akikataa shangazi, mmekwisha kupata jibu, hata kabla ya kusoma mkataba.

Kule kwa jirani, mkataba ulikuwepo. Kurasa tatu, Kifaransa kigumu. Binti ana dipulome, lakini alituambia kwamba jioni ile walimpa dakika tano tu, na kalamu, na muziki ulikuwa unapigwa. Kwa bahati alisema anataka papa aone kwanza. Walimpa mpaka jumatano. Mama alituomba tusome naye, tukakaa chini ya mwembe, tukatafsiri mstari kwa mstari. Picha zake zote kwa mwaka mzima ni mali ya mwandaaji. Hawezi kukubali kazi nyingine ya matangazo bila ruhusa. Akiacha taji kabla ya mwaka, anarudisha "gharama zote zilizotumika", na hesabu ya gharama hizo haikuandikwa popote. Zawadi ya fedha iliyotangazwa katika sala, mbele ya watu wote, haimo. Tulirudia kurasa mara mbili kuitafuta.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hii 'gharama zote', ni nani anaihesabu?" Tulimwambia: wao. Akacheka kicheko kifupi, cha mke wa mchimbaji aliyezoea mizani ya watu wengine.

Jumatatu aliweka unité katika simu na kutafuta njia ya kumpata bwana yake kule msituni. Binti alikwenda kuchota maji kama kawaida, na watoto wa avenue walimfuata nyuma wakimwita miss. Karatasi tatu zimekunjwa ndani ya sashe nyeusi, pamoja na taji, juu ya kabati. Hakuna sahihi. Papa ametuma neno kwamba anatoka Bafwasende, njia ikiwa nzuri, na kwamba kalamu isiguswe mpaka afike.