Orodha Iliyoandikwa Baada ya Matokeo

Mshauri wa uwekezaji akija kwenye chama cha akiba, huja na grafu yenye mistari miwili. Wa kapu lake la hisa unapanda. Wa fahirisi ya NASI ya Soko la Hisa la Nairobi unajikokota chini yake. "Mngewekeza mwaka 2009," husema, "leo mngekuwa mbali." Wanachama huafiki, wakiamini kwamba kapu lililoishinda fahirisi kwa bei za zamani limethibitishwa.

Halijathibitishwa. Limechaguliwa leo, na mtu anayejua yaliyotokea.

Turudi mwanzoni mwa 2009. Hisa ya Safaricom, iliyouzwa shilingi 5 mwaka uliotangulia, ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3, na walioinunua kwa mkopo walikuwa wakilia. Mumias Sugar ilikuwa ikilipa gawio. Kenya Airways ilijiita Fahari ya Afrika. Nani siku hiyo angeziacha hizo mbili akajaza kapu Safaricom? Leo ni rahisi: tunajua Safaricom ilivuka shilingi 40 mwaka 2021, kampuni ya saruji ya ARM Cement ikawekwa chini ya wasimamizi mwaka 2018, na Mumias ikakabidhiwa meneja mrasimu mwaka 2019.

NASI haikupewa nafasi ya kujua. Iliibeba Mumias ikiporomoka siku baada ya siku, kama kila mwenye hisa alivyoibeba. Kapu la mshauri limeifuta kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Tena NASI hupima bei pekee, gawio halimo. Mshauri akijumlisha gawio upande wake tu, kisha akasahau ada za dalali, amejipa ushindi kabla hata ya kuchagua hisa.

Bei za zamani zina kazi. Mbinu iliyoshindwa hata huko, itupwe. Lakini iliyoshinda huko bado haijafanya lolote.

Kwa hiyo nasema: mshauri ataje kanuni yake na hisa zake leo. Katibu aziandike kwenye kitabu cha kumbukumbu, kwa tarehe na sahihi. Tulinganishe na NASI kuanzia kesho, gawio likihesabiwa pande zote mbili na ada zikikatwa. Miaka itakayofuata ndiyo shahidi. Mpaka hapo, shilingi mia mbili anazochanga mama mboga kila wiki zisiguswe kwa sababu ya grafu.