Kifuko cha hewa kwenye pafu la mtoto kisipuuzwe

Ikitajwa saratani ya mapafu, wengi humfikiria mtu mzima anayevuta sigara. Lakini ipo nyingine, adimu sana, inayowapata watoto wadogo. Madaktari huiita kwa kifupi PPB, na karibu wagonjwa wake wote wana umri chini ya miaka 7.

Mara nyingi huanza kama kifuko cha hewa ndani ya pafu, na hapo ndipo penye utata. Wapo watoto wanaozaliwa na vifuko vya namna hiyo kwa sababu pafu halikujiumba vizuri tumboni, na walio wengi hawana saratani. Kasoro hiyo huweza kuonekana kwenye altrasaundi ya mjamzito, karibu na wiki ya 20. Ila hata picha ya CT haiwezi kutofautisha kwa uhakika kifuko cha kawaida na chenye saratani. Jibu hutoka maabara, kifuko kikishatolewa na kuchunguzwa kwa hadubini.

Ikigunduliwa ingali vifuko vitupu, mara nyingi mtoto akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja au chini yake, wengi hupona, baadhi kwa upasuaji pekee. Ikifikia kuwa uvimbe mgumu, dawa kali za saratani huhitajika na matumaini hupungua. Kwa hiyo mzazi aliyepangiwa tarehe ya kurudi kliniki asiiache eti kwa kuwa mtoto anacheza na kula vizuri.

Dalili zake ni kikohozi, homa na kuhema kwa shida, hivyo wengi hutibiwa nimonia kwanza. Nimonia ikijirudia upande uleule, ni haki ya mzazi kuuliza kama eksirei irudiwe. Mtoto akibanwa pumzi ghafla, huenda hewa imevuja kifuani. Akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Mwaka 2009 watafiti walibaini kuwa ugonjwa huu unahusiana na hitilafu ya jeni iitwayo DICER1. Hitilafu hiyo huweza kurithiwa kwa baba au kwa mama, au kujitokeza upya kwa mtoto, kwa hiyo wanaomnyooshea mama kidole kwa alichokula akiwa mjamzito wanamwonea. Katika ukoo huohuo anaweza kuwapo shangazi aliyepata goita akiwa binti, au ndugu mwenye uvimbe wa figo au wa ovari. Daktari aelezwe hayo hata asipouliza, na wadogo zake mgonjwa nao watajwe, kwani huenda wakahitaji kupimwa mapema.