Bei ikikosewa dukani Lukozi, nani anaumia?

Wadau, kuna ugomvi ambao haufiki polisi wala hauandikwi magazetini, lakini ukishinda madukani Lukozi siku ya gulio huukosi. Mteja kaulizia dawa ya ukungu, kaambiwa elfu kumi na mbili. Kalipa, mzigo kashaufunga kwenye bodaboda. Mara kijana wa duka huyo anatoka mbio: "Samahani baba, hiyo ni kumi na tano, ya kumi na mbili ni ile chupa ndogo." Watu wanajaa. Nusu wanasema mzee aongeze, nusu wanasema biashara imeshaisha.

Nani ana haki? Wengi tunaamua kwa kuangalia sura: mwenye duka akiwa mtu wetu, mteja aongeze, akiwa wa kuja, ale hasara. Sheria lakini haiangalii sura, inaangalia pesa imepita mkono au bado.

Kabla hujalipa, bei iliyobandikwa au kutamkwa ni mwaliko tu wa kuja kununua. Msimamo huo tumeurithi kwa Waingereza, na kesi inayotajwa sana ni ya maduka ya dawa ya Boots, 1953, ambapo mahakama ilisema mali kuwa rafuni na bei yake siyo ahadi, ahadi inaanzia pale mteja anapoipeleka kwa mwenye kupokea pesa. Kwa hiyo mwenye duka akishtuka mapema kwamba kijana kakosea, anaweza kusema hapana, bei siyo hiyo. Unakasirika, unaondoka, basi.

Ukishalipa na ukapewa mzigo, mambo yanageuka. Sheria yetu ya Mikataba inasema mkataba hauvunjiki kwa sababu tu upande mmoja ulijichanganya. Yule mzee na chupa yake, kama hakujua kuwa kaambiwa bei ya chupa nyingine, ana haki ya kupanda bodaboda yake aende shamba. Akiongeza elfu tatu ni kwa ujirani, siyo kwa deni.

Ila msichanganye hilo na chenji. Ukitoa noti ya elfu kumi ukarudishiwa kana kwamba umetoa mbili, hizo za juu siyo zako. Ni pesa iliyolipwa kwa makosa na sheria ileile inataka irudi. Na ukilipa kwa simu ukaongeza sifuri moja, elfu tano ikawa elfu hamsini, mwenye duka hawezi kukwambia "mtandao ndo umekosea, nenda kwa wakala". Pesa iko kwake, airudishe.

Sasa njooni kwa yule kijana wa duka, maana kila anayesimulia ugomvi huu humsahau yeye. Mzee akigoma, tajiri anafungua daftari jioni: elfu tatu imepungua, inakatwa kwenye mshahara. Mwezi ukiisha kijana anapokea nusu na hajui hata ilikatwa vipi. Jamani, hilo lina sheria yake tangu 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Mwajiri anaruhusiwa kukata hasara iliyotokana na uzembe wa mfanyakazi, lakini amwandikie sababu, kiasi na hesabu yake, ampe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sijui tajiri gani wa huku milimani huwa anaandika barua hiyo. Matokeo yake kijana anajifunza kujikinga: akikosea kwa kushusha anamkimbilia mteja, akikosea kwa kupandisha ananyamaza. Makosa ya kumpunja mteja hayana mtu wa kutoka mbio.

Na Lukozi makosa hayo yanauma kuliko mjini. Hapa watu wanaishi kwa viazi, kabichi, karoti na matunda ya baridi, peasi na plamu. Ukungu ukishika viazi wakati wa mvua haukupi wiki ya kulinganisha bei. Unanunua leo, kwa duka lililo wazi, kwa bei utakayotajiwa. Chupa nyingi hazina bei. Ukirudi kesho kulalamika kwamba jirani kauziwa kwa bei nyingine, utaonyesha nini?

Tena tumeshaona kwamba inawezekana. Angalieni mafuta ya petroli. EWURA wanatangaza bei kikomo kila mwezi, kituo kinatakiwa kiweke bango linalosomeka kutoka barabarani, na mnunuzi anahimizwa adai stakabadhi yenye jina la kituo, tarehe na bei ya lita ili awe na ushahidi akilalamika. Mbolea ya ruzuku nayo ilipoanza Agosti 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipangiwa shilingi 70,000 wakati bila ruzuku ulikuwa umepita 130,000. Bei ilisikika redioni, kila mtu akaijua. Wakala akikutajia nyingine unajua hapohapo kwamba kuna kitu. Foleni zilikuwepo, usajili ulisumbua, na wengine walizungushwa, sikatai. Lakini ubishi wa "nani kasema bei gani" ulipungua kwa sababu ya namba moja tu iliyojulikana na wote.

Kwingine duniani wameenda mbali zaidi. Kanada wenye maduka walikubaliana 2002, kwa hiari yao, kwamba mashine ikisoma bei ya juu kuliko iliyoandikwa rafuni, mteja apewe kitu hicho bure kama hakizidi dola 10, na kama kinazidi apunguziwe dola 10. Michigan, Marekani, mteja aliyezidishiwa anaweza kudai tofauti yake pamoja na fidia ya mara kumi ya tofauti hiyo, isiyopungua dola 1 wala kuzidi 5. Ona ujanja wake: hakuna kwenda mahakamani, na kosa linamgharimu mwenye duka, kwa hiyo anarekebisha vibao vyake mapema. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na tuna Tume ya kuisimamia. Nzuri. Ila nani atapanda gari kutoka Lukozi kwenda kufungua shauri la elfu tatu?

Halafu geuzeni upande. Mkulima huyohuyo akiacha duka akaenda kuuza viazi vyake, yeye ndo muuzaji sasa, na bado bei inamkosea. Wanakubaliana na mnunuzi bei ya gunia, vizuri. Gunia lipi? Linashonewa kilemba, linatiwa ndoo nyingine juu, ndiyo lumbesa hiyo tunayoijua. Shilingi hazikubadilika, kilichobadilika ni gunia. Sheria ya Vipimo inataka mzani, na kifungashio kisizidi kilo 100. Wakenya waliweka kilo 50 kwa viazi mwaka 2019. Wakala wa Vipimo wakija kwa operesheni lumbesa inapotea siku mbili tatu, gari lao likishuka Mombo inarudi. Mnunuzi anasema bila kilemba sinunui, naye mkulima ana viazi vilivyokwisha kuchimbwa na watoto wanaosubiri ada. Atabishana na nani?

Kinachonishangaza ni hiki. Mazao hayohayo yakipakiwa, ushuru wa halmashauri unatozwa kwa kimashine na risiti inatoka papo hapo, ina tarehe, ina kiasi. Halmashauri ya Lushoto imeweza kuhakikisha shilingi yake haipotei hata moja. Basi ikitoa leseni kwa duka la pembejeo, idai na karatasi moja ya bei ibandikwe mlangoni, na kwenye gulio iweke mzani mmoja wa wote chini ya kamati ya soko. Gharama ya mzani huo italipwa na ushuru wa magari machache tu yanayoshusha viazi kwenda Dar.