Maganda ya mihogo haiko takataka

Bandugu vijana wa Tenke, Fungurume na Kolwezi,

Kila siku ku soko na ku mashini ya kusaga kunabakia maganda ya mihogo, magunzi na makapi ya mahindi. Makapi, wenye kuku na nguruwe wanabeba. Bingine tunachoma, ao tunaacha vinaoza mu mufereji. Kiisha mutu wa kulima anatoa franga kununua mbolea ya mufuko.

Mu udongo muko vidudu vidogo sana, bakteria na kuvu. Vinakula ile takataka na kuigeuza mbolea. Haviombi mushahara. Vinataka maganda na magunzi yakatwe vipande, samadi ya kuku ao majani mabichi, juu magunzi peke yake iko na kaboni mingi na azoti kidogo, maji kiasi, na hewa, ndiyo maana tunageuza lundo. Katikati joto linaweza kupita digrii 55, na mbegu nyingi za magugu zinakufa. Hata sumu ya sianidi ya maganda ya mihogo inavunjika. Miezi mitatu ao mine, mbolea iko tayari.

Lakini tuseme ukweli: kidudu kinakula ganda, hakikuli shaba. Shaba na kobalti haziozi. Ukifanya lundo ku udongo wa machimbo, ao ukilimwagia maji yanayotoka kule, madini itabakia mu mbolea, itaingia mu lengalenga, itafika mu sahani yetu. Kwa hiyo tunahitaji kiwanja safi, kilichopimwa.

Franga itoke wapi? Sheria ya madini ya 2018 inapatia komini na shefferi asilimia 15 ya kodi ya uchimbaji. Tena kila sosiete ya kuchimba inapashwa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tunadai sehemu ndogo tu: kiwanja karibu na soko, mashini ya kukatakata, na kupima udongo na maji.

Wengine watasema kazi ya samadi si ya mutu wa diplomu. Miye niko na diplomu, na sina kazi, sawa wengi wenu. Kungojea mulango wa sosiete ufunguke, tumengojea ya kutosha.

Mvua inarudi mwezi wa kumi. Lundo likianza mwezi wa sita, mbolea itakuwa tayari kwa kupanda. Komini itujibu mbele ya pale.